Safu ya Elfu Moja na Tisa

Punje moja ya mahindi ilibaki tena kiganjani. Mchora ramani aliitazama kana kwamba imemtukana. Mezani, punje nyingine zilikuwa zimenyooka, safu ishirini na nane za thelathini na sita, zinapendeza macho. Hii moja haikuwa na pa kukaa.

Kila punje ilisimama badala ya jiwe, na kila jiwe badala ya mtu aliyefia mgodini maji yalipoingia. Elfu moja na tisa. Kampuni ile ile iliyosema pampu mpya zinaweza kusubiri, sasa ilikuwa na haraka: ilitaka ukuta wa kumbukumbu, mstatili usio na pengo, wa kupigia picha.

Aligawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa saba, moja. Alipovuka thelathini na moja aliweka kalamu chini. Hapakuwa na haja ya kuendelea: thelathini na mbili mara yenyewe tayari inaizidi. Ilikuwa namba tasa, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Mtoe yule kibarua," alisema mkuu wa ofisi, akipuliza chai yake. "Aliingia siku ile ile ya maji tu, hata buti aliazima. Elfu moja na nane inagawika utakavyo, dada. Namba yenye adabu!"

"Na mama yake?"

"Atazoea. Nani hajazoea?"

Kilichomchoma mchora ramani ni kwamba moyoni alikwisha kukubali, kwa kuwa mstatili ule ulikuwa mzuri, naye maisha yake yote alidhani kizuri hakimdhuru mtu.

Habari huwa na miguu. Kabla ya adhuhuri mama wa kibarua alikuwa mlangoni, leso kichwani, bila kubisha hodi.

"Wangu ni yupi?"

Mchora ramani akafungua kiganja. Mama akaichukua punje, akaisukuma katikati ya wenzake. Safu zikapinda.

"Mama, namba hii haikubali. Nikimweka pembeni peke yake..."

"Peke yake kwa nini? Aliingia na wenzake."

"Haina mpangilio mwingine. Labda wote wakae safu moja tu." Akarudia: "Safu moja."

"Si ndivyo walivyoingia, mwanangu? Njia ya mle ni nyembamba. Mmoja nyuma ya mwenzake."

Mchora ramani akazifagia punje zote pembeni kwa mkono mmoja. Akatandika ramani ya eneo, mama akashika pembe isijikunje, na kalamu ikaanza safari kwenye mdomo wa mgodi. Mstari ukamaliza kiwanja walichopewa. Ukavuka barabara. Ukakata maegesho ya magari ya wakurugenzi.

Mkuu alisogea na kikombe chake. "We dada, unakwenda wapi na huo mstari?"

Kalamu ilikuwa imefika ukingoni mwa karatasi, mbele ya lango la ofisi kuu ya kampuni, na mawe yalikuwa bado mengi.

"Nisogezee karatasi nyingine," alisema.