Buibui wa Taya Ndefu

Buibui alikuwa amelala chali ndani ya spiriti, miguu yake imenyooka mbele na nyuma kama unyasi mkavu. Laurencia alisogeza jicho kwenye hadubini, akahesabu meno ya taya ya kulia: saba. Ya kushoto: saba. Akaandika. Hesabu zililingana, na hilo halikumfurahisha wala kumsikitisha. Kwa wiki tano sasa, hapakuwa na kitu kilichomfurahisha wala kumsikitisha.

Kazi ilikuwa ya Simon, mtafiti wa buibui wa vijito vya msitu wa Ngorongoro. Zamani Laurencia aliifanyia ofisini, Karatu mjini. Sasa mumewe, Emilian, humletea vichupa vya buibui nyumbani Kansay kwa pikipiki, maana Laurencia hatoki. Mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake, hapumui, na kwa desturi ya wazee wa Kiiraqw mama wa namna hiyo hukaa kwake: haendi kwa majirani, havuki kijito, na kikombe chake hakinywewi na mwingine. Padre alishasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu walimwitikia padre vizuri sana, kisha wakaendelea kupita mbali na mlango wake.

Laurencia hakuwalaumu. Kusema kweli aliona afadhali. Wangekuja, wangetaka alie.

Buibui hawakutaka kitu. Walitandaza utando wao juu ya maji, wakakamatwa, basi. Macho manane, safu mbili. Taya ndefu karibu sawa na kifua. Dume alimjua kwa vipapasio viwili vilivyovimba ncha, na kwa mwiba wa taya unaobana meno ya jike asije akamng'ata wakati wa kupandana. Jike hana kile kigamba kigumu cha chini ya tumbo walicho nacho jamaa zake wengi, kwa hiyo kumpambanua kunataka subira, jino moja moja. Subira Laurencia alikuwa nayo tele. Hakuwa na pa kuipeleka.

Kichupa cha kumi na nne: jike. Cha kumi na tano: dume. Hapo kalamu ikasimama.

Kiumbe kisichozidi ukucha, na yeye aliweza kusema ni dume au jike. Kuhusu mtoto aliyembeba miezi saba hakuwahi kuambiwa hata hilo. Mama mkwe wake, Rozalia, ndiye aliyempokea, akamfunga, akatoka naye kwa mlango wa nyuma, akamzika. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo hilo. Emilian naye hakuuliza. Wanaume wa kwao hawaulizi hayo.

Nje, Rozalia aliweka bakuli juu ya jiwe la mlangoni, kama alivyofanya kila siku, akageuka aende zake.

"Mama," Laurencia aliita.

"Kula kwanza, kinapoa."

"Mama, alikuwa wa kike au wa kiume?"

Rozalia alisimama, mgongo umemwelekea. Laurencia alishika mwimo wa mlango. Alijua kwamba mama huyu akiondoka sasa, hatauliza tena maisha yake yote.

"Sikutazama," Rozalia alisema.

"Hukutazama?"

"Nilimfunga kwa khanga niliyokuwa nimejifunga. Niliogopa, mwanangu. Nilisema nikimfunua nitampa jina, na nikimpa jina nitashindwa kumfukia."

Laurencia alingoja hasira ije. Haikuja. Alikaa chini pale kizingitini.

"Alikuwa mzito?"

Rozalia aligeuka taratibu, akaitazama mikono yake mwenyewe. "Kidogo. Kama kuku anayeanza kutaga." Akaongeza, "Nywele alikuwa nazo. Khanga haikufika kichwani."

"Nyingi?"

Mama mkwe alirudi hatua mbili, tatu. Akalisukuma bakuli pembeni, akaketi juu ya jiwe, karibu mno kwa mtu anayeijua desturi.

"Nyingi. Nyeusi. Zimelala upande mmoja, ungesema amechanwa."

"Upande upi?" Laurencia aliuliza, na sauti ikamkatika katikati.

Rozalia aliunyoosha mkono ambao kwa wiki tano haukuwa umemgusa, akaupitisha juu ya sikio la kulia la Laurencia, polepole, kuelekea nyuma.