Rambirambi Zisizo na Maiti

Inger-Lise aliisoma barua akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akamsukumia mwenzake, Solvej, juu ya mkate mweusi na samaki.

"Soma. Wamekuua."

Solvej alivaa miwani. Mfuko wa pensheni wa wachomeleaji ulikuwa ukimpa Inger-Lise pole kwa kufiwa na mumewe, Svend, na kumletea fomu ya malipo ya mjane. Svend lilikuwa jina la zamani la Solvej mwenyewe. Miaka arobaini na moja amechomelea meli za watu hapo Aalborg, Denmark, na leo, wiki tatu tu tangu serikali imtambue kuwa mwanamke na kumpa namba mpya ya utambulisho, yeye ni marehemu!

Aliupigia mfuko simu. Karani, Kjeld, alikuwa mpole hadi akaudhi.

"Namba ya Svend imefungwa, mama. Namba ikifungwa, kwetu mwenyewe ameshafariki."

"Mwenyewe ni mimi! Namba za wanaume na wanawake haziishii sawa, ndiyo maana nikabadilishiwa."

"Nakuona hapa, Solvej Damgaard. Lakini wewe hujawahi kufanya kazi hata siku moja."

"Nini?"

"Kukuhamishia miaka ya Svend ni kesi ya mwaka mzima, na unaweza kushindwa. Mimi nakushauri tu: mkeo asaini. Mwezi ujao mnalipwa."

Solvej alikata simu. Alitafuta tusi la kumfaa mtu yule, akalikosa. Alichosema kilimshtua hata yeye.

"Saini tu, mpenzi. Mwaka mzima tutakula nini?"

Inger-Lise alishika kalamu. Jina la marehemu. Tarehe ya kifo. Kalamu ikasimama.

"Huyu Svend nimeshamlilia, unajua? Ulipoanza zile dawa za homoni, nilikuwa najifungia bafuni, nafungulia maji, nalia. Mwaka mzima. Nilijua nimeachwa mjane. Halafu siku moja nikakusikia jikoni unacheka, kicheko chako kilekile. Nikafunga maji."

Kwa Solvej, barua haikuwa kitu tena. Kumbe mwaka ule wote alikuwa akipita nje ya mlango ule, akidhani mkewe anaoga!

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, ningekuambiaje? Sasa matanga yangu yameisha. Siyaanzi upya kwa ajili ya kompyuta yao." Akaichana fomu. "Mpigie huyo Kjeld. Mwambie tunafungua kesi."

Solvej alishika simu, macho yake yakabaki kwenye mlango wa bafuni. Inger-Lise akambonyezea.