Taa ya Mwenye Nyumba

…chukua basi, taa si ile pale mezani, imewaka miaka yote hiyo bila mtu kuitia mafuta, hilo ndilo neno lililokuwa limefika kwenye meno ya Nakhumicha, lakini halikutoka, na Joyline mjukuu wake bado ameshikilia kidole juu ya kitufe, kucha ndefu kama kijiko cha sukari, anauliza, "Kukhu, nichukue ama nisichukue?", na ndani ya kompyuta yule msafiri wa kofia nyekundu amesimama mlangoni mwa kibanda cha watu, palepale mumewe Zedekiah alipomwacha, anapepesa macho, hana haraka, hajui kwamba aliyekuwa akimwendesha amelala chini ya migomba kule Bungoma… na hilo ndilo Nakhumicha alilolipenda kwenye michezo ile ya zamani, ilikuwa na adabu ya kungoja, unamwacha mtu wako msituni, unakwenda kupalilia, unapika, unazika mama mkwe, unarudi unamkuta amesimama vilevile wala hakununii, si kama hii ya siku hizi ya kwenye simu, inalia kutwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa, cheza, nunua, tazama tangazo, aliyeitengeneza hakulelewa… "Kukhu, unanisikia? Neno nimeshaandika, nikibonyeza hapa itasonga mbele, ile aliyoihifadhi Kuka itafutika, hatuwezi kuirudisha," amesikia, masikio hayajazeeka, kilichozeeka ni magoti, na hayo magoti yamepandishwa ngazi za jengo hili la Kilimani anakokaa Joyline kwa sababu lifti ina wazimu wake, yote kwa ajili ya taa hii, tangu Joyline aivute ile kompyuta kuukuu kutoka chini ya kitanda kule Mutuini, akampelekea fundi wa Adams Arcade, fundi akautoa mchezo humo ndani na kuuweka kwenye hii nyembamba kama chapati, kila kitu kama kilivyoachwa, "ama nikutolee kopi kwanza, ukae na mbili?", kopi, kopi ni ya kitambulisho, mtu na mumewe wakibishana ule ubishi hautolewi kopi… na ubishi wenyewe ulikuwa huu huu wa taa. Bhagwanji ndiye aliyeuleta bila kujua, mzee wa duka la vyuma ambako Zedekiah alishika funguo za stoo mpaka mvi zikamkuta, duka likanunua kompyuta mpya, ile ya zamani akampa Zedekiah, nzito kama saruji, na Krish mtoto wa Bhagwanji alikuwa amesahau mchezo humo, picha za vidoadoa kama vitambaa vya kufumwa vya kufunikia viti, muziki wa sauti moja tu, tii, tii, tii, lakini ukikaa nao unaona msitu, unaona ukungu, Nakhumicha aliwahi kusikia baridi ya ule mto miguuni mwake, na yeye si mtu wa kuona maono, hata kanisani wenzake wakinena kwa lugha yeye huangalia kama sufuria zimeoshwa… msafiri anatafuta kengele ya kijiji chao iliyoibwa, kengele iko ng'ambo ya pango, pango ni giza tupu, ukiingia bila taa unatumbukia unakufa, na taa iko kwa bibi mmoja ambaye hayupo nyumbani, mlango wazi, unaandika tu neno la Kizungu la kuchukua, basi. Mtu mwingine angemaliza jioni ile ile. Zedekiah akasema hapana, nyumba ni ya watu. Huyo bibi ni vidoadoa, Zedekiah. Vidoadoa vina nyumba, mama, vimefagia. Na akasema, Nakhumicha anakumbuka alikuwa anapuliza chai, tutatafutaje kitu kilichoibwa kwa kuiba, akamsimamisha msafiri mlangoni amngoje mwenye nyumba, Jumapili nzima, na Jumapili iliyofuata, wamevaa bado nguo za kanisa, wawili kwenye benchi moja, yeye anasoma Kizungu, Nakhumicha anafikiri, ndivyo walivyogawana kazi, na hata Krish alipoulizwa dukani alicheka akashika meza, "Zedekiah, kwenye hizi gemu unabeba kila kitu, hata kama si chako, wenyewe walitengeneza hivyo," na Zedekiah akajibu, "Waliotengeneza hawakunipa funguo, Krish, mimi nilipewa na baba yako"… mjinga. Alimwita mjinga, alimwita mtakatifu wa stoo, alimwita askari wa nyumba isiyo na mtu, na angeweza kumzunguka, darasa la pili alilokomea halikumnyima herufi za neno lile, alijua zilipo kwenye vitufe kuliko anavyojua kilipo kisu chake, Jumatatu Zedekiah ameshaenda kazini, nyumba kimya, kompyuta imefunikwa kitambaa, dakika moja tu ingetosha, na wala hakuwa akimwogopa, mume yule hakuogopwa hata na kuku… ila kulikuwa na ladha gani, kuchukua taa hakuna wa kukuambia rudisha… "Kukhu, chai yako inapoa," iache ipoe… maana waliotengeneza mchezo ule walikuwa werevu, lazima uwavulie kofia, waliweka mto unaosikika na pango linalotisha, lakini bibi mwenyewe hawakumweka, hakuna mahali popote ndani ya mashine ile palipoandikwa kwamba atarudi, hayuko sokoni, hayuko shambani, hakuumbwa, na Zedekiah alimtunzia taa yake hivyo hivyo, mtu ambaye hata waliojenga nyumba yake hawakumkumbuka… nani mwingine angefanya hivyo, yeye Nakhumicha amewajua wanaume wanaoheshimu mwenye nyumba akiwa na panga mkononi… "Ama nichukue tu, tujue kuna nini huko pangoni?", na anataka kujua, Mungu anaona, ameitaka kengele ile kuliko alivyowahi kutaka mkufu, na sasa iko umbali wa kidole, ataichukua taa, atapita, atakuwa ameshinda, na atamgeukia nani amwambie nilikuambia, ushindi gani huo ambao mshindwa hayupo kununa, taa ikitoka mezani ubishi umekwisha, na ubishi ukiisha basi ndiyo kusema wamemalizana, na nani amesema wamemalizana… "Kukhu, umelala?", kidole kiko palepale, msafiri anapepesa macho mlangoni kwa watu, na Nakhumicha anamtazama na kuona kwamba hapana, taa haitoki, si kwa utakatifu, utakatifu alimwachia mumewe, acha iwake mezani, acha Zedekiah aendelee kukosea, yeye bado ana mengi ya kumwambia.