Waliotajwa Jina Kataki

Papa Emile alikuwa amefundisha jiografia miaka mingi sana, hata nusu ya mji wa Kalemie, kando ya ziwa, ikamzoea kwa jina la Professa. Alipojiandikisha kugombea ubunge hakuwa na shaka kwamba watu watamsikiliza. Alikuwa na sauti nzito, suti ya kijivu, na ahadi ambazo hakuna mtu angezipinga: barabara ya Kabimba, maji ya bomba, madawati shuleni. Watu walimpigia makofi ya adabu, na adabu hiyo ilimtosha mpaka alipotokea Pascaline.

Huyu Pascaline alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, msichana wa benchi ya mbele, wa maswali yasiyokwisha. Baadaye alitangaza redioni, na sasa alikuwa anagombea kiti kilekile. Jumamosi ya kwanza ya kampeni Emile alipita mtaa wa Lubuye kwa pikipiki, akakuta umati umejaa kwenye mchanga wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Akamwambia dereva asimame. Akashuka, akajibanza nyuma ya meza ya muuza mandazi.

"Ziwa limefungwa," Pascaline alikuwa anasema. "Nchi zinazolizunguka zimekubaliana tusivue kwa muda, samaki wapate kuzaana. Mimi sipingi samaki kuzaana! Nauliza tu: aliyekwenda kutia sahihi kwa jina letu, alipita hapa? Alimuuliza nani? Na kipindi hiki chote mutoto wa mvuvi anakula nini? Mukinituma Kinshasa, nitaomba tukae tena na majirani tuyazungumze upya. Na wale wanaoshikwa ng'ambo kwa kuvuka mpaka, nitauliza balozi wetu amewafanyia nini."

Umati ukanguruma. Wanawake wakapiga mabeseni.

"Mpaka huo wa ziwa," akaendelea huku akicheka, "mimi nilichorewa ubaoni na Papa Emile. Njo yeye alinifundisha kwamba majini mstari hauonekani, lakini muntu anafungwa kwa sababu yake."

Makofi yakazidi. Jina lake lilikuwa limetajwa kwa heshima, mbele ya watu wengi kuliko aliowahi kuwapata mwenyewe, na bado Emile aligeuka, akairudia pikipiki yake. Afadhali angetukanwa. Ramani ilikuwa yake, mstari ulikuwa wake, na makofi yalikuwa ya mwingine.

Nyumbani hakugusa chakula. Mke wake, Laure, akamtazama.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Yule mutoto anacheza na mambo makubwa. Habari za nchi za nje si za mgombea."

"Lakini ni kweli watu wanafungwa huko."

"Hata kama ni kweli!" Emile akasema, na mwenyewe akashtuka kwa jinsi alivyopaza sauti.

Siku zilizofuata hakuwa na raha. Akipita sokoni anasikia Pascaline, akipanda teksi anasikia Pascaline. Alijaribu na yeye kuligusia ziwa katika mkutano wake, lakini hakufika mbali. Kijana mmoja akapiga kelele, "Hayo Mama Pascaline ameshayasema, Professa!" na watu wakaangua kicheko. Emile akatabasamu nao. Asubuhi iliyofuata akaenda kwenye kamati iliyosimamia utulivu wa kampeni.

Mkuu wa kamati, Toussaint, alikuwa mtu mwoga aliyependa siku zake zipite bila simu kutoka juu.

"Amemutukana nani?" akauliza.

"Hajatukana muntu. Lakini anazungumzia mikataba ya serikali na majirani. Kesho wakikasirika, utasema hukuonywa."

Neno hilo lilitosha. Mchana redio ikatangaza kwamba, kufuatia malalamiko ya mgombea Emile, hakuna mgombea atakayeruhusiwa kusema lolote juu ya uhusiano na nchi nyingine. Atakayevunja amri anaweza kufutwa kwenye orodha ya wagombea. Jumapili Pascaline alizungumzia minerval, yaani ada za shule, na watu wakaanza kuondoka kabla hajamaliza. Emile alisimuliwa hayo na wapambe wake. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Kisha Rubens hakurudi.

Rubens alikuwa mdogo wake Laure, mvuvi wa mtaa wa Kataki. Ziwa lilikuwa limefungwa, lakini nyumbani unga ulikuwa umekwisha, naye akatoka na wenzake. Mfanyabiashara aliyefika kutoka Kigoma ndiye aliyeleta habari: doria ya ng'ambo iliwakuta wamevuka mpaka, ikawachukua pamoja na mtumbwi.

Laure alimletea mumewe maji ya kunywa, kisha akakaa mbele yake.

"Kesho una mkutano Kataki. Taja jina lake. Sema tu serikali yetu iulize yuko wapi."

"Siwezi. Imekatazwa."

"Nani alikataza?"

Mji mzima ulikuwa umesikia redio.

"Basi nenda kwa Toussaint, uondoe malalamiko."

Emile aliangalia glasi. Akiyaondoa, Pascaline atarudishiwa mdomo wake, na pamoja na mdomo, umati. Hakulisema hilo, lakini mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo hakuhitaji kuambiwa.

"Unamuonea wivu mutoto uliyemufundisha," Laure alisema polepole. "Mpaka ndugu yangu anaozea kifungoni."

Kesho yake Kataki, wake za waliokamatwa walikuja mapema, wakakaa mbele kabisa. Emile akazungumza juu ya madawati. Mmoja wao, Alphonsine, akasimama.

"Papa Emile, na waume zetu?"

"Mama, hayo ni mambo ya wakubwa. Tuwaachie wenyewe."

Hawakumzomea. Walijifunga vitenge vyao vizuri, wakainuka mmoja mmoja, wakaenda. Laure alikuwa katikati yao. Emile akakatisha hotuba, akawafuata kwa mbali, akijiambia kwamba anakwenda kumrudisha mkewe nyumbani.

Walielekea upande wa pili wa mtaa uleule, ambako Pascaline alikuwa amesimama juu ya kreti. Mtangazaji wa redio alikuwa amemshikia maikrofoni. Wanawake wakamnong'oneza. Akaisogelea maikrofoni.

"Nimekatazwa kusema habari hii," akasema. "Naisema. Ndugu zetu wameshikwa ng'ambo." Akawataja jina baada ya jina, na wa mwisho akawa Rubens, shemeji wa mwalimu wake. "Serikali yetu iwaulizie. Mgombea asiyeruhusiwa kusema habari za jirani, atakwenda kusema nini bungeni? Na sikilizeni: muntu asiwaguse wachuuzi wa Kigoma walio sokoni kwetu. Hao si adui."

Laure alipiga vigelegele huku machozi yanamtiririka. Katika mikutano yote ya Emile, hakuwahi hata mara moja kupiga vigelegele. Emile alisimama pale kama mtu aliyemkuta mkewe na mwanaume mwingine.

Siku ya pili Pascaline aliitwa kwenye kamati, na Emile akaitwa kama mlalamikaji. Nje, watu walijazana hadi madirishani. Emile alipoingia, Pascaline aliinuka.

"Bonjour, Professa," akasema, akampa kiti chake.

Hata hilo lilimchoma.

"Papa Emile," Toussaint akasema, akijifuta jasho, "thibitisha malalamiko yako, tumalize."

Uso wa Laure ulikuwa dirishani. Hakuwa anamwomba, alikuwa anasubiri tu kuona ameolewa na nani.

"Nayaondoa," Emile akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Aliuliza swali. Mgombea akiuliza swali juu ya ziwa, hajatangaza vita." Aliyatoa maneno hayo kwa ukali, bila kumtazama Pascaline. "Futa amri yako, Toussaint. Na mimi nina la kuuliza juu ya ziwa."

Nje zikalipuka shangwe. Watu walikuwa wanaliimba jina la Pascaline.

Wiki iliyobaki Emile alizungumzia mkataba wa ziwa kuliko mgombea yeyote, na alijua anachosema. Siku ya kura alishinda. Watu wa asili ya Kongolo, alikotoka yeye, walimpigia wote, na chama chake kilikuwa na nguvu. Pascaline akakosa kiti.

Wavuvi waliachiwa baada ya mazungumzo ya serikali mbili. Boti ilipotia nanga, Emile alikuwa mbele kabisa bandarini, mheshimiwa mpya. Rubens, amekonda, alimkumbatia dada yake, akampa shemeji mikono miwili, akamkabidhi mfuko wake wa nguo.

"Redio yetu inasikika mpaka kule," akasema. "Yule mama aliyetutaja majina, yuko wapi?"

Pascaline alikuwa nyuma, kati ya wanawake. Rubens akamkimbilia, na wenzake wote wakamfuata. Emile akabaki na mfuko mkononi.

"Twende tumusalimie," Laure akasema.

"Nenda wewe."

"Emile."

Akaenda. Pascaline akampongeza, kisha akauliza, "Swali la ziwa utalipeleka kweli Kinshasa?"

"Nitalipeleka."

"Utaniambia wamejibu nini?"

"Nitakuambia," Emile alisema, lakini hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anawatazama watu, jinsi walivyokuwa wakimwangalia Pascaline.