Kivuli cha Mpiga Pasi

Binti alikuwa mbishi, tuliseme mapema. Mwalimu wa ushonaji alimtuma stoo akachukue kitambaa cha bitana, akamkataza kugusa majora ya nyuma, na binti akaanza na hayo hayo. Mkono ukazama mpaka begani, ukuta haukuwepo, na mwili wote ukafuata.

Akatokea kwenye karakana isiyo na dirisha, watu wameinamia cherehani, hakuna anayeinua macho. Walikuwa wanashona vivuli. Mtu akipitiwa na usingizi mle ndani, kivuli chake hufa, na bila kivuli hakuna aliyewahi kuvuka mlango akabaki mzima. Waliojaribu walitawanyika kama moshi wa kibatari. Ilibidi kila mmoja apate kingine, kilichoshonwa kwa nyuzi zilizovutwa kutoka kwenye kumbukumbu zake mwenyewe. Wengi waliishia katikati. Walisahau hata kwa nini walitaka kutoka, wakabaki wanashona tu.

Aliyemsemesha alikuwa kijana mpiga pasi, mwembamba, mwenye maneno mengi.

"We Futi, umepotea?" alimuuliza, kwa kuwa binti alikuwa na futi ya kupimia shingoni.

"Futi ni bibi yako."

Kijana akaangua kicheko. Watu wakageuka kutazama, maana mle ndani kucheka kulishasahaulika. Futi hakuwa amesinzia mle, kivuli chake kilikuwa kizima, akarudi stoo kwa njia ile ile. Basi tangu hapo akitumwa stoo anachelewa, wenzake wakamwita mtegaji, kumbe yupo upande wa pili anamshonea mpiga pasi kivuli. Yule kijana alijua pasi tu, sindano ilimshinda kabisa. Futi alimpenda, wala hakuficha, na mwenzake hakujifanya haoni.

Lakini yalikuwa mapenzi ya kuumizana. Kila uzi ulipovutwa, kitu kilifutika. Leo kijana amesahau sauti ya mama yake, kesho uso wa mdogo wake wa kike. Bibi Mkasi, mwenye karakana, aliwatuliza: vyote vitarudi kivuli kikishamshika juani, mradi kila uzi ukatwe kwa mkasi wake.

"Ukikatwa kwa kitu kingine, mwenyewe hauoni tena," alisema. "Nisije nikalaumiwa."

Ukabaki uzi mmoja, mweusi, mgumu kuliko yote.

"Huo ni wewe," kijana alimwambia. "Nimekuacha mwisho makusudi. Naogopa."

"Unaogopa nini? Tukifika nje utanikumbuka."

"Na nisipokukumbuka?"

"Nitakuchapa mpaka ukumbuke."

Siku hiyo hiyo fundi seremala aliletwa stoo kugongomelea rafu kwenye ukuta ule wa nyuma ya majora. Kila msumari ulipoingia, mlango ulipungua. Uzi mweusi ulikuwa umeshavutwa, na kijana alikuwa amekaa mbele ya Futi anamtazama kwa adabu, kama mteja anayesubiri suruali yake. Futi aliona hilo na likamkata maini. Akashona pindo mbio mbio, machozi yanamziba macho, akafunga fundo. Mkasi ulikuwa ncha ya pili ya meza.

Sasa, binti huyu alilelewa chini ya cherehani ya mama yake, na mama yake hajui mambo ya mkasi kwenye uzi. Huinama akaung'ata, basi. Mwalimu chuoni alimfokea mtoto wa watu kwa tabia hiyo mpaka akachoka. Nyundo ikagonga. Futi akainama, akaung'ata, na uzi ukamteleza kooni.

Bibi Mkasi akaacha kazi yake. "Mama wee! Umeumeza."

"Nifanye nini, bibi? Niambie nifanye nini!"

"Hautapikiki huo, mwanangu. Mtoe mwenzio, mlango unaisha."

Akamtoa. Alimkokota mbele ya seremala aliyebaki mdomo wazi, mpaka uwanjani, juani. Kivuli kikamshika miguuni. Kijana akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, anamwita mama yake, anamtaja mdogo wake, anakumbuka hadi rangi ya geti la kwao. Kisha akamgeukia binti, akampa mkono.

"Asante sana, dada. Samahani, tunafahamiana?"

Futi alitaka kusema ndiyo. Alimtazama machoni, akatafuta, hakuona kitu.

"Hapana," alisema. "Nenda nyumbani, wanakusubiri."

Akaondoka anakimbia, na hakugeuka nyuma. Ndipo uzi ule ukafunguka tumboni mwa binti. Aliona karakana kwa macho ya kijana: msichana anaingia, amenuna, nywele zimejaa vinyuzi, na anayemtazama anashindwa kupumua kwa furaha. Hakuwahi kujua kuwa alipendwa kiasi kile. Akakaa chini palepale, akalia kwa sauti. Mwalimu alikuja kumwinua, akamuuliza amefiwa na nani, naye akatikisa kichwa, kwa sababu hakuna aliyekufa.