Maji ya Kumlaani Mwizi

Mlinzi alifukuzwa kazi akiwa na fulana ya ndani tu, kwa sababu shati lake la kazi lilikuwa chumbani kwa Dada Pasi likisubiri kunyooshwa.

Dada Pasi mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yake, ingawa foleni ile ilikuwa ya kujifariji tu. Bomba lilikuwa limekauka tangu wiki iliyopita. Wapangaji waliendelea kupanga ndoo kila asubuhi, kama mtu anayetazama simu yake huku akijua fika hakuna aliyempigia.

"Pampu haina miguu!" Mwenye nyumba alikuwa akifoka pale getini. "Imepita mlango huu huu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, bosi."

"Ukifanya nini?"

"Nikilinda."

Watu wakacheka, halafu wakaona haya.

Mwenye nyumba huyo wapangaji walimwita Mzee Kesho. Paa linavuja? Kesho. Choo kimeziba? Kesho, fundi anakuja. Kodi peke yake ndiyo iliyokuwa ya leo. Na pampu iliyoibiwa, kwa maelezo yake, ilikuwa ya kuwajazia tangi wao. Ila kila mpangaji alijua kwamba ikiwashwa alfajiri, maji yalipita kwenye mpira ulioruka ukuta hadi kwa waosha magari, majirani zao, wateja wazuri wa Mzee Kesho. Waosha magari walipata maji. Wapangaji walipata mlio wa pampu.

"Leo jioni kila mtu awe hapa uani," alitangaza. "Namleta mtaalamu. Mwizi atalaaniwa. Yeye aliyechukua, na aliyeona akanyamaza, na aliyekula naye. Asiyekuja, basi huyo tumeshamjua."

Mlinzi aliokota redio yake ndogo na chupa ya chai. Walimwita Afande, ingawa hakuwahi kuingia jeshi lolote. Cheo hicho alikipata kwa kusimama wima tu. Alikuwa mtu mzima wa umri wa baba yake Dada Pasi, na kila wiki Dada Pasi alimpigia pasi shati lake bure. Yeye naye alimfungulia geti kila alipochelewa kurudi kutoka kazini, bila kuuliza maswali.

"Baba, ngoja nikuletee shati," Dada Pasi alimwambia.

"Liache, mwanangu. Bosi amesema sare ni mali yake." Akasogea, sauti akaishusha. "Ila yule mdogo wako, mwambie akibeba kitu kizito apinde magoti. Vile alivyobeba ataumia mgongo."

Akaondoka na fulana yake. Dada Pasi akabaki kashika ndoo tupu kwa mikono miwili, kana kwamba imejaa.

Kumbe aliona. Aliona, na mbele ya Mzee Kesho amesimama akitukanwa, akameza.

Maneno ya kumwokoa hayakuwa mengi. *Ni mdogo wangu, si yeye.* Yangetoka kwa pumzi moja. Afande alikuwa bado anaonekana, anavuka barabara, bega lake la kushoto limeshuka kama kawaida yake. Dada Pasi alifungua mdomo, akaona ndoo za wenzake, nyuso za wenzake, Mzee Kesho na shingo yake iliyovimba. Akafunga mdomo. Afande akakata kona.

*

Alipofika kazini alikuta nguo zimekuwa mlima. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashati ya watu ambao hakuwahi kuwaona wakiwa ndani yake. Aliwajua kwa kola: huyu anatoka jasho, huyu ana mke anayepaka poda nyingi, huyu anakula huku amevaa tai.

"Leo usirembe mno," mama mwenye duka alimwambia. "Umeme umepanda tena. Nyoosha mbele tu, nyuma wataficha na koti."

Umeme umepanda, sabuni imepanda, mkaa umepanda. Mshahara ndio peke yake uliokuwa na adabu ya kubaki pale ulipowekwa.

Alikuwa akiwaza juzi. Juzi mdogo wake aliingia na mchele, nyama, na mafuta ya kupikia ya chupa, siyo yale ya kupimiwa kwenye kijiko. "Nimepata kibarua, dada," alisema. Hakumuuliza kibarua gani. Chakula kilikuwa cha moto, na swali lile lingekipoza. Alikula. Akaongeza. Mfupa akaufyonza mpaka ukapiga filimbi. Asubuhi yake ndipo alipouona ukuta wa pampu uko mtupu, na alama ya kutu imebaki chini kama kivuli.

*Na aliyekula naye.*

Harufu ikamzindua. Pasi ilikuwa imelalia kola ya mtu, na kola imekuwa rangi ya chai.

"Haya!" Mama mwenye duka akapiga makofi. "Hiyo ni yako sasa. Utavaa wewe. Mwisho wa mwezi usije ukaniuliza kwa nini bahasha imekonda."

Wakati wa chakula cha mchana, ambao kwa Dada Pasi ulikuwa wakati tu bila chakula, alikwenda kando ya barabara alikokaa mdogo wake na meza yake ya kutengeneza redio. Watu walimwita Injinia. Redio ikipita mikononi mwake, haikumsumbua tena mwenyewe kwa kelele, wala kwa kitu kingine chochote.

"Dada! Umekuja kunitazama nikitafuta riziki?"

"Pampu iko wapi?"

Injinia akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka kile kicheko chake cha kuombea muda. "Pampu gani tena?"

"Usinichezee. Irudishe leo. Itupe hata nyuma ya choo, mimi nitasema nimeiokota."

"Haipo. Nilishaifungua, nimeuza nyaya kwa uzito. Limebaki ganda, nimelikalia." Akainua kalio kidogo. Kweli, alikuwa kakalia ganda la pampu, kalifunika gunia. "Dada, yule mzee anatuibia maji kila siku. Mimi nimeiba mara moja tu, na hata kelele nimewapunguzia."

"Afande amefukuzwa."

Kicheko kikaisha. Injinia akachukua bisibisi, akaigeuza, akairudisha pale pale.

"Sikujua."

"Alikuona. Akanyamaza."

"Sasa nifanye nini? Nikajitaje? Nikafungwe?"

"Jioni wanalaani."

"Laana?" Akajaribu kucheka tena, kikatoka kitu kama kikohozi. "Dada, na wewe msomi mzima unaamini mambo hayo?"

Dada Pasi hakujua kama anaamini. Alichojua ni kwamba tangu asubuhi tumbo lake lilikuwa linaihesabu ile nyama.

*

Mtaalamu alikuja kwa pikipiki, kavaa kofia ngumu na koti la mvua, anafanana na mtu wa kusoma mita. Wapangaji walivunjika moyo kidogo. Walitegemea walau manyoya.

"Mimi simpigi mtu ovyo," alianza, akivua glavu. "Kazi yangu ina masharti. Laana haina breki. Anayeituma akiwa mikono michafu, inamrudia yeye. Kwa hiyo nauliza mapema: kuna mtu hapa ana dhuluma ya mwenzake? Aseme sasa, tuelewane."

Injinia alikuwa kasimama nyuma, karibu na geti. Mwalimu wa chumba cha mwisho, ambaye kutwa nzima alisema mambo haya ni ujinga, alikuwa kakaa mbele kabisa.

"Endelea tu," alisema Mzee Kesho. "Hapa wote wasafi, isipokuwa huyo mwizi."

"Nipeni beseni na maji safi. Kila mmoja atatia mkono, atasema maneno nitakayompa. Mwenye hatia mkono wake utajua."

Beseni likatolewa na Mama Pacha. Lilikuwa la kuogeshea wanawe, la plastiki, limechorwa bata anayecheka. Mtaalamu akamtazama yule bata kwa muda, akaamua kusamehe. Maji ndiyo yakakosekana. Wapangaji wakatazamana. Bombani yalikuwa hayatoki, na aliyebakiza kikombe cha kunywa hakuwa tayari kukitoa kwa ajili ya mwizi.

Mzee Kesho akaona anaaibika. Akaenda ukutani, akapiga kelele upande wa pili: "Nyie! Nipitishieni ndoo moja!"

Ndoo ikaja juu ya ukuta, imejaa pomoni, na nyuma yake uso wa mwosha magari mmoja mchangamfu. "Chukua tu, mzee, si maji yako mwenyewe haya! Ila tangi linaishia. Pampu nyingine unafunga lini? Wateja wanatukimbia."

Uso ukazama. Maji yakamiminwa, bata akafunikwa.

Mtaalamu alikuwa akiutazama ukuta. "Maji yako? Yamefikaje kule, na hapa hakuna?"

"Mambo ya mabomba hayo, marefu," alisema Mzee Kesho. "Anza kazi."

"Nauliza kwa sababu ya kazi. Maji yakiwa na mwenyewe mwingine, hayalaani."

"Nimesema anza!"

Mtaalamu akainua mabega. "Haya. Nani anakaa karibu na pale pampu ilipokuwa?"

Mikono yote ikamwonyesha Dada Pasi, bila nia mbaya, jinsi watu wanavyomwonyesha mgeni njia.

"Dada, sogea. Tia mkono, useme: aliyechukua, na aliyeona akanyamaza, na aliyekula naye, asipate usingizi wala shibe mpaka akiri."

Akapiga magoti. Maji yalikuwa yametulia, yameushika uso wake, na chini ya uso wake bata anacheka. Aliyechukua alikuwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, wakati mama yao alipokuwa mgonjwa. Aliyekula ni yeye. Na aliyeona akanyamaza alikuwa njiani sasa, sijui anaelekea wapi, na redio na fulana. Sentensi moja, nayo ilimmaliza kila mtu aliyewahi kumtendea wema.

Mkono wake ulisimama juu ya maji.

"Mbona unasita?" alisema Mzee Kesho, na uani pote shingo zikarefuka.

"Mtaalamu," alisema Dada Pasi, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, "mtu anaruhusiwa kuongeza?"

"Mwenye uchungu anaruhusiwa."

"Basi mimi naongeza. Na aliyechukua maji yetu akayapitisha ukutani, asipate usingizi wala shibe mpaka akiri."

Mama Pacha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza mboga, "Ongeza na anayesema kesho."

Kicheko kikalipuka. Hata Mwalimu alicheka, kisha akajikumbusha kwamba yeye haamini.

"Hiyo haimo!" Mzee Kesho alisogea mbele. "Mimi ndiye niliyeagiza. Aseme yaliyoagizwa."

"Likishatamkwa juu ya maji siwezi kulichagua," alisema mtaalamu. "Akitia mkono, yanakwenda yote. Wewe si umesema wote wasafi? Unaogopa nini?"

Mzee Kesho alilitazama beseni. Alitazama wapangaji, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wanamtazama wote kwa pamoja. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Tuahirishe," alisema. "Jua limeshazama. Tutafanya kesho."

*

Watu walimpigapiga Dada Pasi mgongoni. Mwanamke umeweza! Kinywa hicho! Mtaalamu alivaa kofia yake na kuondoka akidai nauli. Mama Pacha alikataa katakata kulichukua beseni lake: "Niwaogeshe wanangu humo? Yameshasomewa nusu hayo." Likabaki mlangoni kwa Dada Pasi.

Aliingia ndani. Shati la Afande lilikuwa kwenye msumari. Wenzake uani walikuwa bado wanamsifu, na kila sifa ilimwingia kama mchanga kwenye jicho. Kinywa kile walichokisifu kilikuwepo asubuhi pia. Asubuhi kilikuwa kizima, na Afande alikuwa hajakata kona.

Angeanza kesho kumtafuta. Angeuliza kwa wauza chai, kwa walinzi wenzake. Ila hakujua anakaa wapi. Miaka yote ile mzee alimfungulia geti, naye hakuwahi kumuuliza akitoka hapo anakwenda kulala wapi.

Injinia aliingia bila kubisha, macho yanang'aa.

"Dada, safari hii kazi ya kweli! Mzee Kesho kaniita pembeni. Kasema mimi kijana wa hapa hapa, naaminika. Nalinda geti, naanza asubuhi." Akapunguza sauti. "Kasema pia nikuambie, chumba chako hatakipandisha kodi. Mradi tusiwe watu wa maneno mengi."

Dada Pasi aliendelea kulitazama shati pale kwenye msumari.

"Nimemkubalia. Ningesemaje? Ukisema hapana nakwenda kumwambia hapana." Alisubiri kidogo. Hakusikia hapana. "Basi ninyooshee lile shati. Nionekane mtu."

Aliwasha mkaa, akaubana kwenye pasi, akaupepea mpaka ukawa mwekundu. Akalitandika shati juu ya meza. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Mkanda wa redio ulikuwa umeuvuta mshono kwa miaka, kitambaa kimekariri mwili wa mwenyewe. Akapitisha pasi. Likarudi vile vile. Kitambaa kilikuwa kikavu mno, kilihitaji kurushiwa maji.

Maji yaliyokuwemo nyumbani yalikuwa ya beseni tu.

Injinia alikuwa kajilaza kitandani, anapiga mluzi. Dada Pasi akaufungua mlango, akainama, akatia mkono. Maji yalikuwa baridi. Akayarusha juu ya bega la shati, na midomo yake ikaanza yenyewe, polepole: "Na aliyeona akanyamaza..."

Hapo akasita. Safari hii huyo alikuwa yeye mwenyewe; yaliyobaki hayakuhitajika. Akashika pasi, akaendelea kunyoosha.