Kitanda Katikati ya Wanawake Wawili

Kazi yangu ni kupalilia stika. Mashine ikishakata, nachukua wembe na kibano, naondoa vipande visivyotakiwa, inabaki picha na maandishi. Watu hutazama kinachobaki. Mimi kutwa nzima natazama kinachotolewa.

Asubuhi ile nilipalilia stika ya kijani, kubwa kuliko mlango, ya duka la vitu vya watoto linalofunguliwa Kariakoo. Juu iliandikwa Ummy Malezi. Chini ya jina walisimama wanawake wawili wakitazamana, khanga zao zimekutana juu ya vichwa, na pindo zimekutana chini miguuni. Aliyeichora ni Robert, fundi wetu wa kompyuta, kijana wa Moshi anayependa kuficha vitu ndani ya nembo.

"Nembo usiitazame rangi, Kuruthumu," huniambia. "Tazama palipo wazi."

Alishanionyesha mshale uliojificha kati ya herufi za kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, na dubu aliyejificha kwenye mlima wa pakiti ya chokoleti. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama pakiti ile nisimwone dubu. Ndivyo ilivyo, ukishaona umeona, hakuna wa kukurudisha nyuma.

Katikati ya wale wanawake Robert alificha kitanda cha mtoto. Mbao mbili ndefu zimetokeza mbele na nyuma, miguu mifupi, na juu chandarua kilichopinda kama nusu duara. Nilipoivuta ile sehemu ya katikati ilitoka nzima, nikaishika mkononi. Moyo ukanishtuka kabla sijajua kwa nini.

"Robert," nikasema. "Hiki kitanda..."

"Kizuri, eh?" Simu yake ikaita, akatoka nje. Mimi si mtu wa kusema mara mbili. Nikakikunja kile kipande, nikakitia mfukoni mwa dera.

Mwenye duka ni Abdulhamid, jirani yetu. Nyumba yao na yetu zinatazamana. Mtoto wao Ummy alikuwa darasa la kwanza homa ilipomchukua, na miaka mingi ikapita bila mtoto mwingine. Sasa mkewe, Maimuna, ana mimba kubwa, karibu kujifungua. Mtaa mzima unaongea naye kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba beseni la maji limejaa hadi ukingoni.

Tulimaliza kuibandika kwenye kioo cha duka baada ya adhuhuri. Dua ya kufungua duka ilikuwa iwe alasiri. Kioo kinatazama magharibi, barabarani, na mbele yake mikokoteni ilikuwa ikipita na hamali wakipiga kelele watu wapishe. Ndani palitandikwa mkeka, na Maimuna alikuwa ameketi juu yake, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye maboksi ya nepi.

"Shikamoo, Mama Ummy."

"Marahaba, Kuru. Njoo ukae, umesimama tangu saa ngapi?"

"Bado nafuta kioo."

Abdulhamid alikuwa nje, mikono kiunoni, anaitazama nembo yake kama mtu aliyenunua gari.

"Robert, umenifanyia kazi. Hawa wanawake ni nani?"

"Mama na bibi, kaka. Lakini kuna kitu kingine humo. Sikwambii. Wageni wako wakitulia watakiona wenyewe. Ndicho kitakachowafanya wasilisahau duka."

"Mimi mbona sikioni?"

"Una haraka. Mfanyabiashara."

Abdulhamid akacheka, akaingia ndani kupanga soda. Nikabaki nafuta. Jua lilikuwa limeanza kushuka na kupenya kwenye kioo. Nikageuka kuchovya kitambaa, ndipo nikakiona sakafuni.

Stika ilikuwa imeziba mwanga kila upande, ikauacha upite katikati tu. Juu ya marumaru palikuwa na umbo jeupe, refu, lenye mikono minne na mgongo uliopinda, na kulizunguka kivuli cha kijani. Halikuwa kitanda cha mtoto. Lilikuwa jeneza la msikiti. Lile lile linalolazwa kwenye kibaraza nyuma ya msikiti wetu, la chuma, linalofunikwa kitambaa cha kijani na kubebwa mabegani. Nilikuwa mlangoni kwetu siku lilipotoka nyumbani kwao likiwa na Ummy ndani.

Umbo lilikuwa karibu na mlango. Maimuna alikuwa mbali nalo bado. Lakini jua la Dar likishaanza kushuka halisubiri mtu, na kila liliposhuka, lile umbo lilisogea kuelekea kwenye mkeka.

Nikatoka nje, nikamvuta Robert shati.

"Kile si kitanda."

"Nini si kitanda?"

"Tazama chini. Pale."

Akachungulia, akatabasamu. "Kumbe kinatokea hadi sakafuni. Hilo sikulipanga, lakini..."

"Robert. Kwenu mtu akifa mnamweka kwenye nini?"

"Sanduku. Lina msalaba juu. Kwa nini?"

"Kwetu tunamweka kwenye kile."

Aliendelea kutazama, na mimi nikayaona macho yake yakibadilika. Kitanda kilitoka, jeneza likaingia, na halikutoka tena. Akajifuta mdomo.

"Mama yangu," akasema polepole. "Na jina la mtoto liko juu yake."

"Ndiyo."

"Tumwambie Abdulhamid?"

"Ukimwambia, ameshaliona. Atamtazama mkewe, na mkewe ataliona usoni mwake."

"Basi tunyamaze. Watu wengi hawaoni, Kuru. Nakwambia kwa uzoefu. Wateja wangu nusu huwa nawaonyesha kwa kidole."

Ungedhani maneno yale yalikuwa mwaliko. Machinga mmoja wa soksi, Ismail, anayejulikana mtaa mzima kwa mdomo wake, alisimama mbele ya kioo, mzigo begani.

"Duka jipya, hongereni. Sasa hawa wakina mama wanagombania nini hapo katikati?"

"Hawagombani," Robert akasema.

"Hapana, kuna kitu." Akainamisha kichwa upande mmoja. "Subirini kidogo. Mbona kama nakijua?"

"Soksi za mtoto unazo?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kubwa, hata mwenyewe nikaishangaa.

"Ninazo, dada. Lakini ngoja..."

"Nionyeshe za njano. Njoo huku, huko jua kali."

Nikamshika mkono, mimi ambaye hata dukani kwa Mangi huwa naonyesha kidole tu. Nikamvuta hadi kona, nikapekua soksi zake zote nikiuliza hizi zinachuja, hizi zinabana. Robert akanunua pea kadhaa bila kuzitazama. Ismail akaondoka akilalamika kwamba wateja wa leo wana kichaa, lakini mara mbili aligeuza shingo kutazama kioo.

Niliporudi mlangoni Maimuna alikuwa amesogeza mkeka na maboksi nyuma. Umbo lilikuwa limefika pale mkeka ulipokuwa mwanzo.

"Joto limekuzidi?" mumewe akamuuliza.

"Jua tu. Linanifuata."

Alilisema hilo akitazama chupa ya maji mkononi mwake. Nilitafuta kitu usoni mwake sikukipata.

Wageni wakaanza kuja. Shehe aliyeombwa kusoma dua akavua viatu, akakaa upande wa kabati. Majirani wakaingia na sahani za kashata na visheti. Kila aliyeingia alivuka lile jeneza la mwanga bila kulitazama, na kila mguu ulipokanyaga mimi nilishusha pumzi. Nyuma ya Maimuna hapakuwa na nafasi tena, maboksi yalikuwa yamefika ukutani. Umbo likagusa ukingo wa mkeka. Likapanda. Mikono miwili ya mbele ikafika kwenye unyayo wake, akakunja miguu. Kwa tumbo lile, kukunja miguu ni kazi. Alikunja.

"Robert, tuitoe," nikanong'ona.

"Sasa hivi? Mbele ya watu? Tutawaambia nini?"

Sikuwa na la kuwaambia. Ningekuwa nalo huenda nisingeweza kulisema, na wembe ulikuwa mfukoni.

Nikatoka nje. Stika iliyobandikwa siku hiyo hiyo haijashika vizuri. Nikaingiza ncha ya wembe chini ya pindo la mwanamke wa kulia, nikainua, nikashika kwa mikono miwili, nikavuta. Ilitoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Ndani, mazungumzo yakakatika.

Abdulhamid akatoka bila viatu.

"Wewe binti, unafanya nini?"

Nikaendelea kuvuta. Mabega yalikuja, kisha khanga, kisha kichwa.

"Kuruthumu, nakuuliza."

"Ina mapovu," nikasema.

"Mapovu yako wapi? Nimeitazama mchana kutwa. Watu wamekaa, shehe amekaa, wewe unabandua nembo yangu? Unajua nimeingoja siku hii miaka mingapi?"

Nilijua. Nilitazama vidole vya miguu yake kwenye lami ya moto, nikakiachia kile kipande kikaanguka. Robert akaja akasimama kati yetu.

"Kaka, nisamehe. Kosa langu, si lake. Kuna kipimo nilikosea, ingeanza kuchomoka yote wiki hii. Kesho naleta nyingine, nzuri zaidi, bila gharama."

"Na leo? Leo wageni waone nini? Mke mmoja?"

"Mmoja anatosha, Abdulhamid," shehe akasema kutoka ndani. "Wa pili utamlisha nini?"

Watu wakacheka. Abdulhamid hakucheka. Aliniangalia mimi na ule utepe wa kijani uliojikunja miguuni mwangu, akatikisa kichwa.

"Usirudi kwenye kioo changu," akasema. "Robert aje na mtu mwingine."

Akaingia. Nikaanza kukusanya vipande ili niondoke. Bosi wetu, Dada Scholastika, angesikia kabla sijafika ofisini kwetu, mtaa wa Gerezani, na stika ile ingetoka kwenye mshahara wangu. Robert alinipokea mzigo, akasema polepole kwamba atamweleza. Nikamwambia asimweleze lolote, asije yeye naye akaliona lile jeneza.

"Kuru."

Alikuwa Maimuna. Nikasogea hadi mlangoni. Sakafuni jua lilikuwa limemwagika lote, pana, bila mkono wala mgongo. Alikuwa amejiburuta mbele na mkeka wake, mpaka mahali lile umbo lilipokuwa, na miguu ameinyoosha tena juani.

"Ingia ukae," akasema.

"Baba Ummy amekasirika."

"Atapoa. Hajui." Akapapasa mkeka kando yake. "Nililiona tangu lilipokuwa mlangoni, Kuru. Nilikuwa naomba asilione yeye."

Nikavua viatu. Shehe alikuwa ameshainua mikono, na watu wote wameinua yao, na Abdulhamid amefumba macho. Nikapita nyuma yao kimya, nikakaa kando ya Maimuna.